Mtihani wa Mei, Karo ya Septemba

Kila mwaka ifikapo Mei, mamia ya maelfu ya wanafunzi wa sekondari nchini Marekani huketi kufanya mtihani mmoja wa historia ya dunia. Mmoja wao, tuseme kijana wa Ohio ambaye bahari anaijua kwa televisheni tu, anaweza kujikuta akieleza namna pepo za kaskazi na kusi zilivyopeleka majahazi hadi Kilwa, namna dhahabu ya Sofala ilivyopitia mikononi mwa matajiri wa kisiwa kile, na namna Uislamu ulivyosafiri pamoja na vitambaa na vyombo vya kauri. Si mzaha. Miji ya pwani ya Waswahili imetajwa kwa jina katika muhtasari wa somo hilo. Mtoto wa Kilwa Kisiwani angemcheka anavyoyatamka majina, lakini kijana huyo akijibu sawasawa, ataingia chuo kikuu akiwa ameshamaliza somo moja kabla ya kuhudhuria mhadhara hata mmoja.

Mpango unaompa nafasi hiyo unaitwa Advanced Placement, na kila mtu Marekani huuita AP. Unaendeshwa na College Board, taasisi iliyoundwa mwaka 1900, ambayo ndiyo pia yenye mtihani maarufu wa SAT. Masomo yake yanakaribia 40, kuanzia kalkulasi na kemia hadi Kilatini na historia ya sanaa. Mwanafunzi husoma shuleni kwake mwaka mzima, Mei hufanya mtihani ulio sawa kwa nchi nzima, na Julai hupata alama kati ya 1 na 5. Kuanzia 3 huhesabiwa kuwa amefaulu.

Kinachotafutwa hapo ni krediti, yaani vipimo ambavyo vyuo vya Marekani huvitumia kuhesabu masomo. Shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120 zinazotandazwa katika miaka minne, na somo la muhula mmoja huwa na krediti tatu au nne. Anayeingia na krediti 15 kutokana na mitihani mitano ameruka muhula mzima, angalau kwenye makaratasi. Kwamba ataruka kwelikweli au la, hilo haliamuliwi na College Board. Huamuliwa na chuo kinachompokea, na hapo ndipo familia nyingi hujikwaa.

Mpango wenyewe haukubuniwa kwa ajili ya mtoto wa maskini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa fedha zilizotokana na Ford Foundation, walimu wa shule tatu za bweni za watoto wa matajiri, Andover, Exeter na Lawrenceville, walikaa pamoja na wahadhiri wa Harvard, Princeton na Yale kutazama jambo lililokuwa likiwakera. Vijana waliotoka kwenye shule hizo walifika chuoni wakafundishwa upya yale yale waliyokwisha kuyajua. Walichoka, wakazembea. Wakati huo huo Gordon Keith Chalmers, mkuu wa Kenyon College huko Ohio, alikuwa akiongoza kundi la vyuo 12 vilivyokubaliana kutunga mitihani ya kupima kama mwanafunzi wa sekondari amefikia kiwango cha mwaka wa kwanza chuoni. Mwaka 1955 College Board ikaupokea mpango huo, na Mei 1956 mitihani ya kwanza ikafanyika: wanafunzi 1,229, mitihani 2,199. Mwaka 2024 walikuwa wanafunzi takribani milioni tatu, na mitihani zaidi ya milioni tano.

Msomaji wa Afrika Mashariki atalitambua tatizo hilo upesi, kwa sababu kwake lilitatuliwa kwa njia nyingine. Tanzania na Uganda zina kidato cha tano na cha sita. Mwanafunzi huchambua masomo machache kwa kina, kisha akienda chuo kikuu shahada nyingi humchukua miaka mitatu. Kenya nayo ilikuwa hivyo hadi ilipoingia kwenye mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985. Kidato cha tano na cha sita vikaondolewa, na shahada ikaongezwa mwaka mmoja kufidia. Marekani haijawahi kuwa na kidato cha sita. Sekondari huishia darasa la 12, na mwaka wa kwanza wa chuo huwa wa masomo ya jumla: Kiingereza, hisabati, historia, sayansi moja au mbili. Kwa hiyo AP, ukiitazama vizuri, ni kidato cha sita kilichopenyezwa kwa mlango wa nyuma, kwa anayekitaka na ambaye shule yake inacho.

Kwa miaka mingi waliokitaka na waliokuwa nacho walikuwa wale wale. Aliyeitikisa hali hiyo ni mwalimu kutoka Bolivia.

Jaime Escalante alizaliwa La Paz mwaka 1930. Kwao alifundisha fizikia na hisabati, lakini alipohamia Marekani miaka ya 1960 cheti chake hakikutambuliwa. Akapiga deki kwenye mgahawa, akajifunza Kiingereza, akafanya kazi katika kampuni ya vifaa vya elektroniki, akasoma shahada upya usiku. Mwaka 1974 akaajiriwa Garfield High School, mashariki mwa Los Angeles, shule ya watoto wa wahamiaji kutoka Mexico, yenye sifa mbaya kiasi kwamba ithibati yake ilikuwa hatarini. Huko akaamua kufundisha kalkulasi ya AP. Miaka ya mwanzo wanafunzi waliovumilia hadi siku ya mtihani walihesabika kwa vidole.

Mwaka 1982 wakafika 18. Wote wakafaulu.

Furaha haikudumu. Wasahihishaji waliona kwamba baadhi ya wanafunzi walikuwa wamefanya makosa yanayofanana mno katika swali la sita, na 14 kati yao wakaambiwa alama zao zina shaka. Wazazi na walimu wengi hawakuona shaka ya kitaaluma hapo. Waliona watu waliokataa kuamini kwamba majina ya Kihispania yanaweza kukaa juu kabisa ya orodha ya hisabati. Agosti mwaka huo, baada ya likizo ambayo hawakugusa daftari, 12 kati ya wale 14 walikubali kurudia mtihani chini ya usimamizi mkali. Walifaulu wote, na alama zao zikarudishwa.

Filamu ya Stand and Deliver ya mwaka 1988, ambayo Edward James Olmos alimwigiza Escalante, iliipeleka habari hiyo duniani kote na kuiharibu kidogo. Mtazamaji huondoka akidhani kwamba mwalimu mwenye moyo anaweza kuwachukua watoto wasiojua sehemu na kuwafikisha kwenye kalkulasi kwa mwaka mmoja. Mambo hayakuwa hivyo. Escalante alijenga msururu mzima: aljebra iliyofundishwa barabara katika madarasa ya chini, masomo ya likizo kwenye chuo cha jirani, walimu wenzake waliokubaliana naye, na mkuu wa shule, Henry Gradillas, aliyemkingia kifua kila alipogombana na wakubwa. Mwaka 1987, zaidi ya wanafunzi 80 wa Garfield walifaulu kalkulasi. Gradillas akaondoka, Escalante naye akaondoka mwaka 1991, na idadi ya wanaofaulu ikaporomoka. Filamu haikuwa na nafasi ya kuonyesha ratiba na bajeti, na hivyo ndivyo vilivyowafaulisha watoto wa Garfield sawa na moyo wa mwalimu wao.

Mtihani wenyewe ukoje? Ule wa historia ya dunia huchukua zaidi ya saa tatu. Kwanza maswali 55 ya kuchagua jibu kwa dakika 55, kisha maswali mafupi matatu, kisha insha mbili. Insha inayoogopwa zaidi ni ya nyaraka. Mwanafunzi hupewa nyaraka saba asizowahi kuziona: barua ya mfanyabiashara, amri ya mfalme, pengine ramani au picha. Ana saa moja kuzisoma na kujenga hoja. Msahihishaji ana alama saba za kutoa na kila moja ina sharti lake. Hoja iliyo wazi, alama moja. Kuliweka jambo katika mazingira ya wakati wake, moja. Kuzitumia nyaraka nne kuunga mkono hoja, mbili. Kuleta ushahidi mmoja usiokuwemo kwenye nyaraka, moja. Mbili za mwisho, zinazowaponyoka wengi, ni za kueleza nani aliandika waraka na alikuwa na masilahi gani, na kuonyesha kwamba jambo lina pande nyingi. Lugha ya mapambo haina alama hata moja. Mwanafunzi aliyelelewa kwenye insha za kuanza na methali na kumaliza na methali hushangaa sana hapo.

Usahihishaji ni tamasha la aina yake. Kila Juni maelfu ya walimu wa sekondari na wahadhiri hufanya kazi hiyo, wengine nyumbani kwa kompyuta, wengine wakisafirishwa hadi kwenye kumbi za mikutano katika miji kama Kansas City na Salt Lake City. Humo hukaa mezani siku kadhaa mfululizo wakisoma majibu ya swali lile lile, mamia kwa mamia, baada ya kufundishwa kwa sampuli ili wote watoe alama kwa kipimo kimoja.

Sasa fedha. Mwaka 2025 ada ya mtihani mmoja ndani ya Marekani ilikuwa dola 99, na wenye kipato kidogo hupunguziwa. Karo ya wastani ya mwaka mmoja katika chuo kikuu cha umma, kwa mkazi wa jimbo lenyewe, ilikuwa takribani dola 11,600 mwaka wa masomo 2024-25, bila chumba na chakula. Anayelipa dola 495 kwa mitihani mitano na kupata krediti 15 zinazokubalika ameokoa muhula mmoja, yaani karibu dola 5,800. Biashara nyingine yenye faida kama hiyo ingekuwa ya kutiliwa shaka.

Neno la kuangalia hapo ni «zinazokubalika». Majimbo mengi yamepitisha sheria au kanuni zinazovilazimisha vyuo vya umma kutoa krediti kwa alama 3 na kuendelea: Ohio, Florida, Illinois, Texas na mengine mengi. Mfumo wa vyuo vya University of California nao hutoa krediti kwa 3. Lakini krediti na nafasi ni vitu viwili. Chuo kinaweza kumhesabia mwanafunzi krediti tatu za kemia, halafu idara ya uhandisi ikamwambia alama yake ni ndogo, arudie somo. Krediti zake zitakuwepo kwenye hati, zikielea tu kama masomo ya hiari, bila kumpunguzia hata siku moja. Anayetaka udaktari ana tahadhari nyingine: shule kadhaa za tiba hazikubali AP badala ya biolojia, kemia au fizikia iliyosomewa chuoni. Ataruka somo leo, kisha miaka mitatu baadaye atalitafuta.

Vyuo vyenye majina makubwa ndivyo vyenye mkono mzito zaidi. Brown haihesabu AP kwenye krediti za shahada, na Caltech vilevile. Dartmouth ilitangaza mwaka 2013 kwamba inaacha, na sababu yake ilizua ubishi mkubwa. Idara yake ya saikolojia iliwapa mtihani mfupi wa somo la utangulizi wanafunzi zaidi ya 100 waliokuwa wamepata 5, alama ya juu kabisa, katika saikolojia ya AP. Asilimia 90 wakafeli. College Board ilihoji namna jaribio hilo lilivyofanywa, na kwa haki, kwa sababu kumtahini mtu ghafla baada ya miezi ya kusahau si kipimo cha alichojua Mei. Hata hivyo kuna jambo ambalo vyuo hivyo havilitaji sana. Kila krediti inayotolewa bure kwa alama ya AP ni karo ambayo chuo hakitaipata.

Halafu kukaja kioja. Mwaka 2018 shule nane za binafsi za Washington na vitongoji vyake, ikiwemo Sidwell Friends waliyosoma mabinti wa Obama, zilitangaza kwamba zinaachana na masomo ya AP ifikapo 2022. Zilisema masomo hayo yanafundisha kukariri na kuharakisha, na kwamba walimu wao wanaweza kutunga yaliyo bora zaidi. Huenda ni kweli. Lakini angalia mzunguko wake: mpango ulioanzishwa na shule za matajiri kwa watoto wa matajiri ulipoenea hadi kwa watoto wa Garfield, matajiri wakaona haufai tena. Mhitimu wa Sidwell hahitaji kumthibitishia mtu yeyote kwamba shule yake ni nzuri. Mhitimu wa shule isiyojulikana ya mtaa wa pembeni anahitaji, na alama ya 4 iliyotolewa na msahihishaji asiyemjua ni ushahidi ambao hakuna wa kuupuuza kwa kutazama anwani yake.

Ubora wa ushahidi huo, hata hivyo, umeanza kujadiliwa. Tangu 2022 College Board imebadilisha namna ya kuweka mipaka ya alama katika masomo kadhaa, na matokeo yamepanda kwa kishindo. Katika historia ya Marekani, waliopata 3 au zaidi walikuwa chini ya nusu mwaka 2023. Mwaka uliofuata walikuwa asilimia 72. Taasisi inaeleza kwamba imelinganisha upya alama na kiwango halisi cha wanafunzi wa vyuo, ambao nao siku hizi hupewa alama nzuri kwa urahisi. Maelezo yana mantiki. Lakini watoto wa taifa zima hawakuwa werevu ghafla kati ya Mei moja na nyingine, na vyuo vinaona.

Watu wa Afrika Mashariki wana nafasi yao humo, kama wahusika wa mitaala na kama watahiniwa. Somo la historia ya sanaa lina kazi 250 ambazo mwanafunzi anatakiwa azijue, na mojawapo ni lukasa ya Waluba wa Kongo, ubao wa shanga ambao watunza historia waliusoma kwa vidole kukumbuka nasaba za wafalme. Somo jipya la historia ya Wamarekani Weusi, lililozinduliwa rasmi mwaka wa masomo 2024-25 baada ya Florida kulikataa, linapita pwani ya Waswahili kabla ya kufika kwenye utumwa. Nchini Kenya, shule kama Rosslyn Academy ya Nairobi hufundisha AP. Wanafunzi wengine wa Kenya wanaolenga ng'ambo husoma A-level za Cambridge, nazo hupewa krediti na vyuo vingi vya Marekani. Mwenye cheti cha kidato cha sita cha baraza la mitihani la Tanzania (NECTA) au la Uganda (UNEB) naye asikitupe kabatini. Akipeleke kikakadiriwe, kisha aulize idara moja moja. Jibu hutofautiana chuo hadi chuo, lakini asiyeuliza hupangiwa mwaka wa kwanza wote.

Pengo moja linaudhi. AP ina mitihani ya Kihispania, Kifaransa, Kijerumani, Kitaliano, Kichina, Kijapani na Kilatini, lugha isiyo na mtoto anayeizungumza nyumbani. Lugha ya Kiafrika hakuna hata moja. Maelfu ya vijana waliotoka Kongo kupitia kambi za wakimbizi, wanaozungumza Kiswahili siku nzima huko Kentucky au Texas, hawawezi kuupeleka ujuzi huo kwenye meza ya College Board.

Iko milango mingine. ACTFL, shirika la walimu wa lugha, hupima Kiswahili kwa mahojiano ya mdomo, na vyuo kadhaa hutoa krediti kwa matokeo yake. New York University ina mtihani wake wa lugha zaidi ya 50, Kiswahili kikiwemo, wenye thamani ya hadi krediti 16 kwa chuo kinachoukubali. Minnesota imekwenda mbali zaidi: sheria yake inampa mhitimu wa sekondari aliyethibitisha umahiri wa lugha ya pili cheti ambacho vyuo vya mfumo wa Minnesota State hukitolea krediti za lugha. Mzazi anayemkataza mwanawe kuzungumza Kiswahili nyumbani ili Kiingereza kinyooke anamnyang'anya krediti ambazo angezipata bila kununua kitabu.

Kwa mzazi au mwanafunzi anayefikiria njia hii, kazi ya kwanza ni kutafuta jedwali. Karibu kila chuo kikuu cha Marekani huchapisha orodha inayoonyesha somo la AP, alama inayotakiwa na krediti zinazotolewa. Lisome kabla ya kujisajili, si baada ya matokeo, na ulisome pamoja na masharti ya idara utakayojiunga nayo. Mitihani miwili inayokubaliwa na idara yako ina faida kuliko sita itakayobaki ikielea. Si lazima mwanafunzi awe amesoma somo la AP darasani. Anaweza kujisomea mwenyewe, ila itambidi apate shule inayofanya mtihani na iliyo tayari kumpokea mtahiniwa wa nje. Alitafute hilo mapema, kwa sababu shule huagiza mitihani katikati ya Novemba, miezi sita kabla, na anayechelewa hutozwa zaidi. Matokeo nayo hayajipeleki chuoni. Mwanafunzi huruhusiwa kutuma alama zake kwa chuo kimoja bure kila mwaka akikitaja kabla ya tarehe 20 Juni. Baada ya hapo kila chuo hulipiwa.